Kwa nini kila mrengo huamini vyombo vya habari vinaupendelea mwingine wakati wa uchaguzi

USIKU wa Agosti 10, 2022, Mkenya aliyekuwa na rimoti mkononi aliweza kumbadilisha rais kwa kubonyeza kitufe. Katika kituo kimoja cha runinga, Dkt William Ruto wa Kenya Kwanza ndiye aliyekuwa akiongoza. Katika kituo cha pili, Bw Raila Odinga wa Azimio la Umoja-One Kenya alikuwa mbele. Saa ilikuwa ile ile, na fomu zilizokuwa zikihesabiwa zilitoka mahali pamoja, yaani katika tovuti ya Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC).

Kabla ya kucha, kila upande ulikuwa na maelezo yake. Wafuasi wa Ruto walisema vituo vilivyompa Raila uongozi vilikuwa vikiwaandaa wananchi kupokea ushindi wa bandia. Wafuasi wa Raila nao walikuwa na tuhuma hiyo hiyo dhidi ya vituo vilivyomweka Ruto mbele. Mikahawani na katika vinyozi, watu walihamia kituo kilichowafurahisha, wakakiita hicho ndicho cha kweli.

Ukweli wenyewe ulikuwa wa kawaida mno, na pengine ndiyo sababu wachache walitaka kuusikia.

Tume ilikuwa imeamua, kwa mara ya kwanza kwa uwazi wa kiasi hicho, kuweka hadharani picha ya Fomu 34A ya kila kituo cha kupigia kura. Hiyo ndiyo fomu ambayo msimamizi wa kituo na maajenti wa vyama hutia saini baada ya kura kuhesabiwa. Vituo vilikuwa 46,229. Kufikia jioni ya siku iliyofuata upigaji kura, zaidi ya asilimia 90 ya fomu hizo zilikuwa tayari tovutini.

Lakini tume haikujumlisha hesabu hizo kwenye tovuti. Iliweka picha tu. Yeyote aliyetaka jumla ilimbidi afungue fomu moja baada ya nyingine, asome tarakimu zilizoandikwa kwa mkono, nyingine kwa mwandiko wa mtu aliyekesha usiku kucha, kisha aziingize katika kompyuta yake.

Hebu tupige hesabu ndogo. Tuseme mtu mmoja anatumia dakika mbili kwa kila fomu. Fomu 46,229 zitahitaji zaidi ya saa 1,500 za kazi. Chumba cha habari chenye watu 30 wasiokula wala kulala kitamaliza baada ya siku mbili na saa kadhaa. Wengine walikuwa na watu wengi kuliko wenzao, na hivyo kila kituo kilikuwa kimefika mahali tofauti katika rundo lile lile.

Lililo muhimu zaidi ni mahali walipoanzia. Chukua mfano wa mtu anayefuata nambari rasmi za kaunti. Ataanza na Mombasa, ambayo ni nambari 001, kisha Kwale na Kilifi, ambako Raila alipata kura nyingi. Kwa hivyo runinga yake itamwonyesha Raila akitangulia.

Akifika Meru, Tharaka-Nithi na Embu, upepo utageuka. Ukambani utamrudisha Raila, halafu kuanzia Nyandarua hadi Kiambu, nambari 018 hadi 022, Ruto atapaa. Uasin Gishu, Nandi, Kericho na Bomet zitamwongezea. Mwisho kabisa zitaingia Siaya, Kisumu, Homa Bay na Migori, na Nairobi yenye nambari 047 itafunga orodha. Huyo ameonyesha mapinduzi matatu au manne bila kuiba kura hata moja.

Mwenzake aliyeanzia katikati ya orodha, au aliyechukua fomu kwa jinsi zilivyokuwa zikiingia, ataonyesha picha nyingine kabisa, naye vilevile hatakuwa amedanganya.

Je, vyombo vya habari havikuwa na kosa? Vilikuwa nalo, tena kubwa. Vilionyesha jumla ya kura na asilimia za wawaniaji kwa maandishi makubwa, lakini mara nyingi havikumweleza mtazamaji ni fomu za wapi zilizokwisha kuhesabiwa na za wapi zilizosalia. Asilimia isiyosema imetoka wapi ni kama bei isiyosema ni ya kilo au ya gunia.

Agosti 11, Baraza la Vyombo vya Habari Kenya (MCK) lilikiri kuwa wananchi walikuwa na wasiwasi kuhusu tofauti hizo, likasema linazungumza na wamiliki na wahariri ili suluhu ipatikane. Baada ya hapo vituo kadhaa vilipunguza kasi, na vingine vikaacha kabisa kuongeza hesabu, bila maelezo ya kuridhisha. Ukimya huo ulizua uvumi zaidi kuliko tofauti zenyewe, maana anayehesabu kwa sauti kisha akanyamaza ghafla humfanya msikilizaji ajiulize ameona nini.

Agosti 15, mwenyekiti wa IEBC, Bw Wafula Chebukati, alimtangaza Ruto kuwa mshindi kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za Raila. Makamishna wanne walijitenga na matokeo hayo siku iyo hiyo. Septemba 5, Mahakama ya Juu iliidhinisha ushindi huo, ikisema haikupata tofauti ya maana kati ya fomu za tovutini na zile zilizofikishwa katika ukumbi wa Bomas.

Mwanya kati ya wawili hao ulikuwa kura 233,211 miongoni mwa zaidi ya milioni 14 zilizopigwa. Uchaguzi wa mwanya mwembamba namna hiyo ungebadilisha kiongozi mara kadhaa katika hesabu yoyote ile isiyokamilika. Hata hivyo, hadi leo utampata Mkenya msomi anayekuhakikishia kuwa kituo fulani "kilibadilisha" tarakimu usiku ule.

UKIPENDA, chongo huita kengeza. Wahenga walilijua hilo zamani, na wanasaikolojia wakalipima baadaye. Mwaka 1985, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, Robert Vallone, Lee Ross na Mark Lepper, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo kila mhariri angepaswa kulifahamu.

Waliwaonyesha wanafunzi taarifa za runinga kuhusu mauaji yaliyotokea Beirut mwaka 1982 katika kambi za wakimbizi wa Kipalestina. Baadhi ya wanafunzi hao waliunga mkono Israel, wengine Waarabu. Wote walitazama taarifa zile zile.

Waliounga mkono Israel walisema taarifa hizo ziliipendelea pande ya Waarabu. Waliounga mkono Waarabu walisema ziliipendelea Israel. Kila kundi lilikumbuka mambo mengi zaidi yaliyouchafua upande wake, na kila kundi liliamini kuwa mtu asiye na upande akitazama taarifa hizo atageuzwa awe adui yao.

Lipo jambo moja zaidi katika utafiti huo ambalo aghalabu husahaulika. Waliojua mengi kuhusu mgogoro wenyewe ndio walioona upendeleo mwingi zaidi. Ujuzi haukuwaponya. Mtu anayejua mengi ana hoja nyingi kichwani, na taarifa ya dakika tatu haiwezi kuzibeba zote. Kila hoja iliyoachwa anaiona kama iliyofichwa makusudi.

Hapa kwetu, mtu wa namna hiyo ni yule anayesikiliza redio tangu alfajiri, anayejua majina ya wawaniaji wote wa wadi yake na ya shemeji zao. Ndiye atakayepiga simu studioni kulalamika. Jirani yake asiyejali siasa hataona lolote la ajabu katika taarifa ile ile.

Kutokana na hayo, baadhi ya wahariri wamejipatia kinga rahisi. Husema, "Mirengo yote miwili inatulaumu, basi bila shaka tuko katikati." Hoja hii husikika sana katika vyumba vya habari, na kwa maoni ya mwandishi wa makala haya ni hoja mbovu. Ikiwa lawama za pande mbili huja hata pale ambapo kazi imefanywa vizuri, basi zitakuja pia pale ilipofanywa vibaya. Haziwezi kuthibitisha lolote. Mwalimu anayelalamikiwa na wanafunzi wote huenda ni mkali wa haki. Huenda pia hajui kufundisha.

Isitoshe, ipo historia. Mkenya anayeshuku hakuanza kushuku jana, na mara nyingi alikuwa na sababu.

Katika uchaguzi wa Desemba 29, 1992, wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka mingi ya chama kimoja, Shirika la Utangazaji Kenya (KBC) ndilo lililokuwa na redio iliyofika karibu kila pembe ya nchi. KTN ilikuwa imeanza mwaka 1990, lakini ilionekana Nairobi na viunga vyake tu. Chama tawala cha KANU kilikuwa na gazeti lake, Kenya Times.

Walio na umri wa kukumbuka wanajua jinsi taarifa ya habari ilivyofunguliwa: "Mtukufu Rais Daniel arap Moi leo..." Haikujalisha kama Mtukufu alikuwa amefungua bunge au zahanati. Viongozi wa upinzani, akina Jaramogi Oginga Odinga, Mwai Kibaki na Kenneth Matiba, walitajwa pale walipokuwa wakishutumiwa. Upendeleo wa wakati huo haukuhitaji mtafiti. Ulihitaji betri za redio.

Mwaka 1997, mazungumzo ya wabunge wa vyama vyote yaliyojulikana kama IPPG yalizaa mabadiliko ya sheria kadhaa, na mojawapo lilikuwa kuitaka KBC igawe muda wake kwa haki kati ya mitazamo mbalimbali ya kisiasa. Sheria ikawa kwenye karatasi. Katika uchaguzi wa 2007, miaka kumi baadaye, waangalizi wa Muungano wa Ulaya bado walisema shirika hilo halikutimiza hata kiwango cha chini cha wajibu wake wa kisheria.

Katiba ya 2010 iliongeza uzito. Kifungu cha 34 kinasema vyombo vya habari vya serikali viwe huru kuamua maudhui yake, visipendelee, na vitoe nafasi ya haki kwa maoni yanayotofautiana. Msomaji azingatie kuwa wajibu huo umeandikwa kwa vyombo vinavyoendeshwa kwa kodi yake. Kituo cha binafsi kina maadili ya taaluma ya kufuata, lakini KBC ina Katiba shingoni.

Uchaguzi wa Desemba 27, 2007 unastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndio ulioonyesha gharama ya jambo hili. Siku ya kwanza na ya pili ya kuhesabu, takwimu zilizokuwa zikisomwa redioni na kwenye runinga zilimweka Raila mbele sana. Kisha pengo likaanza kufifia huku matokeo ya baadhi ya maeneo yakichelewa kufika. Desemba 30, marehemu Samuel Kivuitu, aliyekuwa mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, alimtangaza Kibaki mshindi kwa kura 4,584,721 dhidi ya 4,352,993. Kibaki aliapishwa jioni hiyo hiyo katika Ikulu.

Siku hiyo hiyo, waziri wa usalama wa ndani, Bw John Michuki, alipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Nchi iliyokuwa ikitazama hesabu kwa siku tatu ikazimiwa taa. Kwa wafuasi wa Raila, pengo lililoyeyuka lilikuwa ushahidi wa wizi. Kwa wafuasi wa Kibaki, lilikuwa ngome zao zikichelewa tu kuhesabiwa.

Tume iliyoongozwa na Jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini iliripoti mwaka 2008 kuwa shughuli nzima iliharibika kiasi kwamba haikuwezekana kujua kwa hakika nani alishinda. Kufikia wakati huo watu zaidi ya 1,100 walikuwa wameuawa na maelfu kwa maelfu kufurushwa makwao.

Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilisikiliza ushahidi kwamba baadhi ya redio za lugha za kiasili zilichochea chuki, hasa katika vipindi ambamo wasikilizaji walipiga simu na kusema walilotaka. Mtangazaji mmoja wa redio, Bw Joshua arap Sang, alishtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) kule The Hague. Kesi hiyo ilisitishwa Aprili 2016 kwa kukosa ushahidi wa kutosha.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Uchaguzi wa Machi 4, 2013 ulipofika, wahariri walikuwa wameapa kutowasha moto tena. Nyimbo za amani zilijaa hewani. Vituo viliacha kufanya hesabu zao vyenyewe, vikaelekeza kamera kwenye skrini ya IEBC na kuziacha hapo.

Mfumo wa tume wa kupeperusha matokeo ukakwama. Kura zilizoharibika zikaonekana kupita 300,000, baadaye tume ikaeleza kuwa programu ya kompyuta ilikuwa ikizizidisha mara nane. Hayo ni mambo ambayo, katika uchaguzi wowote mwingine, yangewafanya wanahabari wamkabe msemaji kwa maswali hadi usiku wa manane. Maswali yalikuwa machache na ya upole. Bw Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.07, na Mahakama ya Juu ikatupilia mbali kesi ya kupinga ushindi huo Machi 30.

Wengi waliupongeza utulivu huo. Lakini waliobaki na maswali waliona kuwa wito wa amani uliotolewa kila baada ya wimbo uliwaelekea wao peke yao. Aliyeridhika na matokeo hahitaji kuambiwa atulie. Upendeleo wa aina hii ni mgumu kuunasa kwa sababu hakuna neno lililosemwa vibaya. Ni maneno ambayo hayakusemwa.

Mwaka 2017 ukatoa funzo jingine. Kuanzia usiku wa Agosti 8, runinga zilipeperusha tarakimu za tovuti ya tume kwa siku kadhaa bila kukoma, nazo hazikuwa na fomu za kuzithibitisha. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu, tume ilijitetea kuwa zile zilikuwa takwimu tu. Septemba 1, mahakama ilifuta uchaguzi wa urais kwa sababu ya kasoro katika upeperushaji wa matokeo, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea barani Afrika. Vyombo vya habari vilikuwa vimetangaza kwa uaminifu kile vilichopewa, na hiyo haikutosha.

Ndiyo maana mwaka 2022 vituo viliamua kujihesabia tena. Tofauti zilizowatia watu kiwewe Agosti 10 zilitokana na uhuru ambao mwaka 2013 tulilalamika kuwa haupo. Ajabu ya binadamu!

Mwamba ngoma huvutia kwake, na hapa ndipo tuhuma za wananchi huwa na mashiko zaidi. Ngoma ya habari nchini Kenya imewambwa na watu wachache wenye mali. Standard Group imehusishwa kwa miaka mingi na familia ya Moi. Mediamax, yenye K24 na Kameme FM, imehusishwa na familia ya Kenyatta. Mwanzilishi wa Royal Media Services, Bw S.K. Macharia, hakuficha kuwa alimuunga mkono Raila mwaka 2022.

Je, mwenye kituo hupiga simu usiku na kuamuru habari ibadilishwe? Pengine mara chache kuliko wasomaji wanavyodhani. Mwandishi anayejua ni nani anayemlipa hahitaji kupigiwa simu. Atajichuja mwenyewe, na kesho yake ataapa kwa dhati kuwa hakuna aliyemshurutisha.

Matangazo ya kibiashara ni kamba nyingine. Serikali ni mteja mkubwa wa magazeti na vituo, na mteja mkubwa akinuna, mishahara huchelewa. Juni 2023, Bw Moses Kuria, wakati huo akiwa Waziri wa Biashara, alitishia hadharani kuwa afisa wa serikali atakayepeleka tangazo kwa kampuni moja kubwa ya habari atafutwa kazi. Machi 2024, serikali iliagiza matangazo yake ya redio na runinga yapelekwe KBC pekee. Na wakati mwingine hata kamba haitumiki: Januari 30, 2018, Raila alipojiapisha kuwa "rais wa wananchi" katika bustani ya Uhuru Park, serikali ilizima NTV, KTN na Citizen, na agizo la Mahakama Kuu la kuzirejesha hewani halikutiiwa mara moja.

Wanasiasa nao hutumia mbinu ya kumchafua mjumbe. Uhuru, akiwa Rais, aliwahi kusema kuwa gazeti ni la kufungia nyama. Watu walicheka, na mabucha yaliendelea kununua magazeti. Lakini kauli kama hizo humfundisha mfuasi kuwa habari isiyompendeza kiongozi wake haina haja ya kusomwa, sembuse kuchunguzwa.

Nasi tulio katika kazi hii tunayo yetu ya kukiri. Wanahabari wengi wa mashinani hulipwa kwa kila habari inayochapishwa, na malipo ni haba. Mwaniaji akiwa na gari la kuwasafirisha au bahasha ya "nauli", mkutano wake utahudhuriwa. Mwaniaji wa urais mwenye helikopta humchukua mpigapicha hadi mikutano minne kwa siku. Yule anayesafiri kwa matatu hukutana na kamera siku ya kurejesha karatasi za uteuzi tu.

Hivyo mwaka 2013 kulikuwa na wawaniaji wanane wa urais, na mwananchi wa kawaida angeweza kuwataja wawili, labda watatu. Bi Martha Karua, mwanamke pekee katika kinyang'anyiro hicho, alilazimika kuupigania muda ambao wanaume wawili walipewa bure. Huu si upendeleo wa mrengo mmoja dhidi ya mwingine, na kwa sababu hiyo mirengo mikubwa haijawahi kuulalamikia.

SASA, msomaji anayetaka kujua kama anaonewa kweli au ni moyo wake tu unaomdanganya afanyeje? Waangalizi wa uchaguzi hawategemei hisia. Hurekodi taarifa za vituo kadhaa kwa wiki nyingi, kisha hupima kwa saa.

Kwanza hupima dakika alizopewa kila mwaniaji. Baada ya hapo hutenganisha dakika ambazo mwaniaji alisikika kwa sauti yake na zile ambazo mtangazaji alizungumza juu yake. Tofauti hiyo ni kubwa. Mtu anaweza kupewa dakika 20 na zote zikawa za wapinzani wake wakimjibu hoja ambayo haikupeperushwa.

Hatimaye hupima mwelekeo wa maneno: ya kusifu, ya kulaumu au ya kati. Hapo panahitaji uangalifu, kwa sababu habari mbaya si lazima iwe ya upendeleo. Mwaniaji akikwepa mdahalo, kuripoti kuwa amekwepa si kumwonea. Julai 26, 2022, Ruto alisimama jukwaani peke yake kwa sababu Raila alikataa kuhudhuria mdahalo wa urais, na hakuna namna ya kuitangaza habari hiyo ikawapendeza wote wawili.

Tatizo gumu zaidi ni la aliye mamlakani. Rais anayetetea kiti akizindua barabara wiki tatu kabla ya kura, je, hiyo ni habari ya serikali au ni kampeni? Mara nyingi waangalizi huhesabu muda wa mkuu wa nchi kando na ule wa mwaniaji, kisha huonyesha jumla zote mbili. Vyumba vya habari vyetu vingeweza kufanya vivyo hivyo, na kuchapisha hesabu hiyo kila wiki wakati wa kampeni. Hakuna sheria inayokataza.

Kuhusu kura za maoni, msomaji ana silaha ambayo huitumia kwa nadra. Sheria ya mwaka 2012 kuhusu uchapishaji wa kura za maoni za uchaguzi inataka anayechapisha aeleze nani aliyezifadhili, watu wangapi waliohojiwa, lini, na kwa njia gani. Vilevile, inakataza kuzichapisha katika siku tano za mwisho kabla ya uchaguzi. Gazeti likichapisha asilimia bila jina la mfadhili, hapo msomaji ana haki ya kushuku bila kuuliza moyo wake.

Yupo pia wa kumshtakia. Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 iliunda Tume ya Malalamishi ambayo raia yeyote anaweza kuiendea. Inaweza kuagiza chombo kisahihishe habari au kiombe radhi.

Lakini kulalamika kwamba "kituo hiki ni cha mrengo fulani" hakutamfikisha mbali mlalamishi. Atatakiwa kutaja kipindi, tarehe na saa, au ukurasa, na aonyeshe neno lililopotoshwa au upande ulionyimwa nafasi ya kujibu. Kwa wale watakaoketi mbele ya runinga usiku wa Agosti 10, 2027, kalamu na karatasi viwe karibu na rimoti, na swali la kwanza la kumuuliza mtangazaji liwe fomu za kaunti zipi hazijaingia.